Mwizi wa Mayai ya Makarani

Kiota cha tano kilikutwa kitupu siku ya Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, na aliyekikuta ni Bi Darubini, mwanamke asiyepotewa hata na sindano. Alisimama juu ya kile kishimo kidogo kwenye nyasi fupi, akainama, akatazama, akainuka, akainama tena. Hakukuwa na ganda. Hakukuwa na unyoya wala damu. Mayai matatu yaliyokuwepo jana jioni yalikuwa yameondoka safi kabisa, na mama yao alikuwa akikimbia huku na huku pembeni, analia kwa sauti nyembamba isiyokoma.

"Mnyama angechafua," alijisemea. "Huyu ni mtu. Tena mtu mwenye mikono mizuri."

Nyika yenyewe ilikuwa ukanda wa nyasi kati ya barabara na bahari, ukiukata kwa miguu ni nusu saa, umezungushiwa waya upande wa barabara na una geti moja lenye mlinzi mmoja mwenye maneno mengi. Bi Darubini alikuwa ameajiriwa na ofisi ya wanyamapori kuhesabu ndege wanaotaga humo, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na mbili. Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wameshalisahau, maana ile darubini haikumtoka shingoni hata harusini. Ndege aliowapenda kuliko wote walikuwa wadogo, rangi ya mchanga, wenye utepe mweusi shingoni, watagao chini bila hata jani la kufunika. Yeye aliwaita makarani, kwa vile walikimbia hatua mbili, wakasimama, wakatazama kulia na kushoto, wakakimbia tena, kama watu wenye faili mkononi na bosi mgongoni. Mwaka huu walikuwa na viota kumi na vinne. Sasa vilibaki tisa.

Kwenye ukuta wa kibanda cha kazi ulibandikwa waraka wa Mkuu wa ofisi. Ulionya kwamba wapo watu wanaokusanya mayai ya ndege adimu, wakayaficha majumbani na kuringishiana, na kwamba wezi wa namna hiyo huja na chombo cha kutunza joto. Bi Darubini alikuwa ameusoma mpaka akaukariri. Asubuhi ile aliusoma tena neno kwa neno, kisha akageuza kichwa taratibu, akatazama benchi, pale ilipokaa chupa ya chai ya shemeji yake.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na mtaa mzima ulimwita Fundi, maana alishona nguo zao kwa miaka arobaini, mpaka mwaka jana alipoifunika cherehani kwa kitambaa akasema amechoka. Mumewe alipofariki, ni Fundi aliyeacha cherehani kila msimu wa kutaga akaja kukaa naye kibandani ili asizungumze na ndege peke yake akaonekana mwehu. Na kwa kuwa hakupenda kukaa bure kama pambo, alianza kuhesabu vipepeo. Kila mwaka, mvua zikishakatika, vipepeo weupe walipita nyikani kwa maelfu, wakifuata ufuo kwenda wanakokujua wenyewe. Fundi aliketi kwenye kigoda chake katikati ya nguzo mbili, na kwa dakika kumi katika kila saa alibonyeza kwa kidole gumba kimashine cha kuhesabia, kipepeo mmoja, mbonyezo mmoja. Ofisi ilimpa kitambulisho cha mtu wa kujitolea. Kitambulisho hicho kilikaa mfuko wa shati, upande wa moyo, na ungedhani amepewa ubalozi.

Kwa miaka minane wawili hao walikula mkate mmoja na kunywa chai ya birika moja. Sasa, ghafla, Fundi anakuja na chupa yake.

Bi Darubini alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilimfundisha hivi: hesabu ikishuka, jiulize mwaka huu kimebadilika nini. Akajiuliza. Jibu likaja lenyewe, limevaa kofia na limeketi kwenye kigoda. Mwaka huu Fundi alikuwa na chupa yenye mdomo mpana ambayo hakuifungua mbele ya mtu. Mwaka huu hesabu zake zilikuwa za ajabu. Zamani aliandika mia mbili kumi na saba, themanini na tisa, mia moja arobaini na tatu. Sasa daftari lake lilisema mia moja, sitini, mia mbili, tena sitini. Vipepeo gani hao wanaopita kwa mafungu kama matofali? Mtu anayeandika hivyo hayupo kwenye kigoda. Yuko kwingine, na kwingine ndiko kwenye viota.

"Shemeji," alimwambia alipoingia, "jana jioni uliondoka saa ngapi?"

Fundi alishtuka akakaribia kuangusha daftari. Mwaka huu alikuwa mwepesi wa kushtuka, hasa ukimjia kwa ubavuni.

"Kama kawaida, shemeji."

"Kawaida ndiyo saa ngapi?"

"Ah! Leo umeamka askari?" Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

"Nakuuliza tu. Karibu chai basi."

"Ahsante, tumbo langu siku hizi halipatani na chai yako." Akaichukua chupa yake, akaikumbatia, akatoka nayo.

Tumbo! Miaka minane tumbo lilipatana na chai hiyo pamoja na mkate uliolala. Bi Darubini alibaki amekodoa macho mlangoni, kwa uchungu. Hakuwa akimchukia Fundi. Alikuwa akimpenda kama ndugu wa tumbo moja, na ndiyo maana uchungu ule ulikuwa na meno.

Jambo moja zaidi lilikuwa limebadilika mwaka huo, lakini hilo hakulihesabu, kwa sababu alilifanya yeye mwenyewe na alisifiwa kwalo. Zamani alichora ramani ya viota daftarini na kwenda kukagua kimoja kimoja kwa miguu. Mwaka huu magoti yaligoma. Basi akabuni: kila akipata kiota, anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu hatua kumi kamili kutoka kwenye kiota, siku zote upande wa barabara, ili akikaa kibandani na darubini ajue kwamba kutoka kwenye kijiti, hatua kumi kuelekea baharini, karani yupo amelalia. Vitambaa alipewa na Fundi, mabaki ya gauni la mtu. Mkuu alipoona mpango ule aliandika kwenye taarifa yake neno "ubunifu", na Bi Darubini alitembea wiki nzima kidevu juu.

Jumanne kilipotea kiota cha sita. Akaenda getini kumhoji mlinzi kama Fundi hurudi nyikani watu wakishaondoka.

"Kurudi, harudi," alisema mlinzi, akimenya yai lake la kuchemsha, kwani mtu huyo hakukosa yai la kuchemsha. "Lakini siku hizi ana kitu. Juzi nimempungia mkono nikiwa pale pembeni, hakunijibu. Amenipita kama mti! Mtu mwenye amani moyoni anampitaje mwenzake kama mti?"

"Huenda hakukuona."

"Mita tatu? Mama, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nimesema, mimi sijasema."

Jumatano asubuhi aliyaona kwa macho yake. Fundi hakuwepo kwenye kigoda. Aliizungusha darubini polepole, na hatimaye akamkuta katikati kabisa ya eneo la viota, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hakukanyaga bila sababu. Alikuwa amepiga magoti. Alikuwa akipapasa nyasi kwa mikono miwili, hapa, pale, akisogea kwa magoti kama mtoto. Kisha mkono mmoja ukashika kitu kidogo, akakipangusa, akakitia mfukoni, akasimama na kutazama huku na huku.

Bi Darubini alishusha darubini. Alikuwa na hasira, na macho yalikuwa yameloa, na hakujua kipi kilitangulia. Alienda kukagua. Kiota cha karibu na pale kilikuwa kitupu. Ndipo akampigia simu Mkuu, na alisema jina la ndugu wa mumewe wazi bila kulizungushazungusha.

Mkuu alifika kabla ya saa nne, na gari, na uso wa kazi. Alimwita Fundi kibandani. Mlinzi naye alijipenyeza mlangoni, maana jambo la namna hiyo lisingempita.

"Mzee," alisema Mkuu, "kuna mayai yanapotea. Naomba unioneshe kilicho ndani ya chupa."

Fundi aliikumbatia. "Ni chai tu, bwana."

"Basi nimiminie."

Bi Darubini alitazama sakafu. Na kilikuwepo kijipande cha moyo wake, cha aibu, kilichokuwa kikifurahi kwamba sasa itajulikana.

Fundi aliifungua chupa mwenyewe. Haikuwa na chai, haikuwa na yai. Ilikuwa na barafu iliyoanza kuyeyuka, na ndani ya barafu, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, kichupa kidogo cha dawa ya matone. Mkuu alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Hii ni dawa ya macho."

"Daktari alisema kikae kwenye ubaridi. Na nitie kwa saa zake, nisikose." Fundi alikuwa akizungumza na ukuta. "Pembeni kumeshafunga, bwana. Naona katikati tu, kama kwenye tundu la kitasa. Asubuhi hii kimashine kilinidondoka, nikakitafuta, nikapoteza njia."

"Na hizi hesabu?"

Fundi akapapasa daftari lake. "Anayepita kwenye tundu langu namhesabu. Wengine nakadiria."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwani Mkuu alikuwa mtu wa haki kwa kiasi cha kukera. Kuhusu mayai alimwomba radhi palepale, mbele ya wote. Lakini hesabu za kukadiria, alisema, ofisi haiwezi kuzipokea, na mtu asiyeona hawezi kupewa kazi ya kuona. Akanyoosha mkono. Fundi hakuuona ule mkono mpaka ulipofika katikati. Alipouona alitoa kitambulisho kwenye mfuko wa shati, akakiweka kiganjani mwa Mkuu, na kimashine juu yake. Alipotoka aligonga bega kwenye mwimo wa mlango, mlinzi akamshika kiwiko, wakaondoka.

Ungedhani Bi Darubini alijuta palepale. Alijuta, ndiyo, lakini shaka ni mgeni asiyeaga. Kesho yake asubuhi kiota cha nane kilikuwa kitupu, na wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba Fundi amerudi kulipiza. Alikwenda getini karibu kukimbia.

"Hakuja?"

"Nani, Fundi? Kwa macho yapi?" alisema mlinzi, akimenya yai.

Bi Darubini alilitazama lile yai. Alimtazama mlinzi mdomoni. Akalitazama yai tena. Mtu anayekula yai kila siku, mwenye funguo za geti, anayejua nani kaingia na nani katoka, na ambaye alikuwa mwepesi sana wa kumnyooshea mtu mwingine kidole! Kwamba lile yai lilikuwa la kuku, kubwa mara nne ya yai la karani, halikumzuia hata kidogo. Mtu akishaanza kutuhumu huwa kama aliyevaa miwani ya jua chumbani: kila kitu kina giza, na yeye anailaumu taa.

Ijumaa alfajiri alijifunika shuka la rangi ya majani, akalala kifudifudi nyuma ya kichuguu, darubini mbele, tayari kumfumania mlinzi. Jua lilichomoza. Kipepeo mmoja mweupe alipita, kisha watano, kisha akaacha kuwahesabu. Kiwiko kilimuuma, siafu akamkuta shingoni, naye akavumilia. Mlinzi alikuwa mbali getini, anapiga miayo.

Kisha akaja kunguru. Alitua juu ya kijiti chenye kitambaa chekundu. Alijisafisha mdomo pande zote mbili, bila haraka, kama mtu aliyefika kazini mapema. Halafu akashuka chini, akaipa barabara kisogo, akatembea moja kwa moja kuelekea baharini. Hakutafuta. Hakuyumba kulia wala kushoto. Karani wa kike aliruka juu akipiga kelele, akaburuta bawa kujifanya mgonjwa, lakini kunguru hakumtazama hata mara moja. Alifika, akainama, akainuka na yai zima mdomoni, akaruka. Dakika chache baadaye alirudi kwenye kijiti kilekile. Safari hii alikuwa na mwenzake.

Bi Darubini alikuwa ameshasimama, shuka limemwanguka, anapiga mayowe na kutupa mawe. Kunguru walihama wakaenda kutua kwenye kijiti cha kiota kingine.

Hatua kumi. Siku zote kuelekea baharini. Hakukosea hata hatua moja katika viota vyote kumi na vinne, kwa sababu alikuwa mtu makini.

Aliving'oa vijiti vyote. Alilia huku anaving'oa, kwa sauti, na hakujali mlinzi anasikia. Viota vitano vilivyobaki alivichora daftarini kama zamani, na magoti yakasema yaliyosema.

Mchana huohuo alikwenda ofisini. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, kisha akaiweka mezani.

"Wazo hilo la vijiti," alisema hatimaye, "nimelipeleka vituo vingine vitatu."

"Basi vipigie simu sasa hivi."

Akapiga, vyote vitatu, mgeni wake akiwa amesimama palepale. Alipomaliza, Bi Darubini hakutoka. Alisema amekuja kuomba kitambulisho cha shemeji yake. Kama kuna mtu wa kufukuzwa nyikani kwa kuharibu kazi, alisema, basi afukuzwe yeye. Mkuu alisugua paji la uso, akafungua droo. Kitambulisho na kimashine angevirudisha, lakini Fundi awe na mtu wa kuona kwa niaba yake, na mtu huyo awe shemeji yake. Yeye ahesabu, mzee abonyeze na kuandika. Bi Darubini alikubali kabla Mkuu hajamaliza.

Fundi alimpokea sebuleni, amekaa karibu na cherehani iliyofunikwa. Alimkaribisha kiti kwa adabu, kama anavyokaribishwa mgeni aliyekuja kuuliza njia. Bi Darubini hakujitetea. Alisimulia kila kitu, kunguru, vijiti, simu aliyoipiga siku ya Jumatano, hata mlinzi na yai lake. Fundi hakucheka hata hapo.

"Nilijua unanifuata na darubini," alisema. "Ukitembea ile mikanda yake inalia. Kila nikienda naisikia imenigeukia. Nikasema, aa, shemeji ameshagundua macho yangu. Ananichunga nisijikwae, na ananisitiri, hasemi kwa mtu. Nilikuwa nakushukuru kimoyomoyo."

Bi Darubini alifunika uso kwa mikono.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe," alisema Fundi haraka, kama mtu anayelipa ili aondoke dukani. Akanyoosha mkono, akapapasa mezani mpaka akakipata kitambulisho alicholetewa.

Jumatatu iliyofuata alirudi. Vipepeo walikuwa wameanza kupita kwa wingi hasa, weupe juu ya nyasi, wengi kiasi kwamba ukitazama muda mrefu unahisi nyika ndiyo inayosogea. Bi Darubini aliketi kwenye kigoda kando yake. Katika maisha yake hakuwahi kuhesabu kwa uaminifu kama siku hiyo. Alisema "mmoja, mmoja, wawili, mmoja," na Fundi akabonyeza, dakika kumi nzima bila kupepesa, mpaka machozi ya jua yakamtoka.

"Mia tatu sitini na nne," alisema Bi Darubini, akikisoma kimashine. "Na kuna karani kaangua, shemeji, kule kiota cha kumi na moja. Vifaranga wawili. Wanatembea."

"Alhamdulillahi," alisema Fundi. Kalamu ilikuwa juu ya daftari, lakini hakuandika. Alitega sikio upande wa waya, ambako mlinzi alikuwa ameegemea akitazama.

"Mlinzi!" aliita. "Na wewe umehesabu? Umepata wangapi?"

"Kama mia tatu na hamsini na kitu, mzee. Nimekosa wachache."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kisha akaandika.

Bi Darubini alipangusa macho, akaitazama saa, na dakika za kupumzika zilipokwisha akaanza tena: mmoja, wawili, mmoja.